Amri ya Kusubiri Niliyoizima Tunduma

Si diski. Kwa miaka mingi kila aliyeniuliza nilimwambia ni diski, tena kwa sauti ya daktari anayetoa habari za msiba: "Vitu vyenyewe vilikuwa vipya, havijakomaa." Wengine niliwaambia ni umeme. Kuna kikao kimoja nilisema ni unyevu. Tunduma, mji ambao vumbi linaingia hadi ndani ya yai, nikasingizia unyevu, na mtu akaandika kwenye muhtasari.

Ni mimi. Niliizima kwa vidole vyangu, nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai ya tangawizi pembeni, amri inayoilazimisha seva kusubiri mpaka maandishi yawe yamefika kweli kwenye diski. Na Mzee Sikombe, ambaye jina lake ndilo lililobeba lawama, hakuwa na kosa hata la ukubwa wa punje ya ulezi.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kutunza seva, mnaoniita "mama" kwenye mafunzo na kuniuliza ni nambari gani iwekwe wapi. Nambari nitawapa. Lakini kwanza nataka muogope kidogo. Mimi niliogopa vitu vingi katika kazi hii, ila niliogopa kwa mpangilio mbaya: niliogopa bosi, niliogopa foleni, niliogopa kuonekana sijasoma. Kitu chenyewe cha kuogopwa sikukiogopa hata siku moja, mpaka asubuhi ile.

Wakati huo Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa. Nilikuwa natunza kompyuta za yadi ya malori ya Haji Mbaruku, mtu wa Singida aliyeingia Tunduma biashara zilipofunguliwa, akiwa na Isuzu moja na mswala. Nilipomkuta alikuwa na malori ya kutosha kuziba barabara kutoka mpakani hadi Mpemba, na siku nyingine yaliiziba kweli. Yalipeleka mizigo migodini Zambia, mingi ikiwa dawa za kuchambulia shaba, na yakirudi matupu yalipakia mahindi, maharage au kahawa ya Mbozi. Hapo Haji alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: chakula hakipandi juu ya sumu. Kila lori lililobeba dawa lazima lioshwe, likauke, likaguliwe, ndipo lipewe ruhusa ya kupakia chakula.

Mkaguzi alikuwa Mzee Sikombe, Mnamwanga wa bondeni Momba, mrefu, mwenye buti za mpira zilizokatwa juu kwa kisu ili zisimchubue. Lori likishaoshwa na kukauka alipanda ndani na kitambaa cheupe, akakiburuta sakafuni kona hadi kona, akakitoa nje kwenye jua. Kikiwa na rangi yoyote, vijana wake walirudia kuosha bila kuulizwa. Kikitoka cheupe, alikifunga kwenye kioo cha pembeni cha lori, na mlinzi wa geti akaona, akafungua. Huo ndio ulikuwa mfumo wote wa habari wa yadi ile kabla sijafika mimi na shahada yangu ya hisabati. Waliniita Injinia. Sikuwasahihisha.

Kitambaa nilikiondoa mimi.

"Injinia, kitambaa kina kosa gani?" aliniuliza Mzee Sikombe.

"Hakina kosa, mzee wangu. Ila kinapeperuka, kinaibwa. Kompyuta haipeperuki."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma. Sisi shule tulipita karibu yake tukichunga ng'ombe."

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikidhani tunamcheka yeye.

Tangu hapo kila lori likawa na kadi yake ndani ya seva, yaani faili moja dogo: limeingia lini, lilibeba nini, limeoshwa au la, lipite au lisipite. Yadini palikuwa na kompyuta sita: geti, wash, yaani pale malori yanapooshewa, mizani, mafuta, gereji na ofisi ya nyaraka. Wote sita waliandika kwenye kadi zilezile. Na hapo, wanangu, ndipo kazi yetu inapoanza, kwa sababu seva si daftari. Daftari mtu mmoja akilishika, wengine wanamwona kalishika. Seva inawadanganya wote kwamba kila mmoja yuko peke yake.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi mmoja wa Mbeya, Lusajo. Hakuwa na shahada. Alikuwa na bisibisi na wasiwasi. Seva yetu ya kwanza ilikuwa na diski ya zamani, sahani inayozunguka na sindano moja ya kusoma na kuandika. Ukiipa kazi sita kwa mpigo, ile sindano inakimbia huku na huku kama mhudumu mmoja wa mgahawa siku ya mnada. Anatumia muda mwingi kutembea kuliko kuhudumia. Kwa hiyo Lusajo aliweka kufuli moja kwa folda zima la kadi: mmoja akiandika, watano wanasubiri. Juu ya hilo seva yenyewe ilizipanga kazi kwa ukaribu, ili sindano isirudi nyuma bila sababu. Ilikuwa polepole, lakini ilikuwa adabu.

Lusajo alikuwa na tabia iliyonikera. Kila akimaliza kurekebisha kitu, aliwaambia watu waendelee kuandika, kisha akachomoa waya wa seva ukutani. Makusudi. Halafu akaurudisha, akahesabu kadi moja moja, akafungua kila iliyokuwa ikiandikwa na kusoma kilichomo.

"Mbona unaitesa mashine?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Siitesi. Naiuliza. Mashine ukiiuliza kwa upole inakujibu unachotaka kusikia."

Niliona ni ushamba. Nisameheni, nilikuwa nimetoka chuo kikuu.

Kisha ikaja SSD, diski isiyo na sahani wala sindano. Haji alitumiwa kutoka Dar, akaifungua mbele yetu, akaipima mkononi kama sabuni ya kipande.

"Mbona haina uzito? Tumeuziwa ganda?"

"Haji, ndivyo zilivyo. Ndani hakuna kinachozunguka."

Mzee Sikombe, aliyekuwa amekuja kusalimia tu, akaguna. "Kitu kisichozunguka kinafanyaje kazi? Hata mashine ya kusaga inazunguka."

Niliifunga siku hiyohiyo, nikategemea miujiza. Haikuja. Foleni ya kuandika kadi ikapungua kidogo tu, na dada wa mizani aliendelea kumenya chungwa akisubiri skrini imruhusu. Nilichukua siku mbili kuelewa nilichofanya: nilikuwa nimejenga barabara ya njia nane nikaacha geti moja. Diski mpya iliweza kupokea kazi nyingi kwa wakati mmoja, lakini kufuli la Lusajo bado liliwaruhusu mmoja mmoja, na seva bado ilipoteza muda kuzipanga kazi kwa kuihurumia sindano ambayo haipo.

Sasa zile nambari mnazozitaka. Kwanza, niliondoa upangaji ule wa kazi kwa ukaribu; diski isiyo na sindano haijali jirani. Pili, kufuli la folda nikalivunja nikaweka kufuli dogo kwa kila kadi, ili anayeandika lori hili asimzuie anayeandika lile. Tatu, nikagundua kwamba hata bila kufuli langu, folda moja lenye maelfu ya faili lina mlango wake wa ndani: kila anayeongeza au kubadili jina la faili anapita hapo, mmoja mmoja. Nikaligawa folda kuwa kumi, kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya lori. Nne, idadi ya kazi zinazoruhusiwa kuwa njiani kwa pamoja niliiongeza mara mbili mbili: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Kila hatua nilipima. Kasi ilipoacha kupanda na baadhi ya kazi zikaanza kuchelewa ovyo, nilirudi hatua moja nyuma nikakaa hapo. Na sikuijaza diski. SSD iliyojaa inapumua kwa shida kama mtu aliyeshiba ugali wa mazishi.

Yote hayo yalikuwa sahihi. Nayasema leo bila aibu, na mkiyafanya mtafanya vizuri. Dada wa mizani aliacha kuja na machungwa. Haji alinileta mbele ya wageni wake akasema, "Huyu ndiye mama kompyuta wangu." Ningeishia hapo, msingekuwa mnasoma haya.

Lakini nilikuwa nimeonja. Nikaanza kutafuta kinachobaki kuchelewesha, nikakikuta: amri ya kusubiri. Programu yetu ilipobadilisha kadi iliandika nakala mpya pembeni, halafu ikaipa jina la ile ya zamani. Kati ya hatua hizo mbili seva iliiambia diski, "Subiri. Nihakikishie maandishi yameshakaa ndani, ndipo nibadilishe jina." Ule uhakikisho ulichukua muda mfupi sana, lakini ukiuzidisha kwa watu sita kwa siku nzima, unaonekana. Nikauzima. Nikaenda mbali zaidi, nikaiambia seva kwamba mpangilio wa jina na maandishi haunihusu, lolote litangulie. Vipimo vikapanda nikapiga makofi peke yangu ofisini.

Muelewe nilichokuwa nimefanya. Niliiruhusu seva ibandike lebo mpya kwenye chungu kabla ya kukipika chakula. Umeme ukiwepo, chakula kinafika tu, hakuna anayejua. Umeme ukikatika katikati, lebo ipo, chungu kipo, na ndani mna chochote kilichokuwamo zamani.

Nilijua. Hili ndilo nililolikana kwa ukali kuliko yote. Maelezo ya kitu kile yalisema wazi kwamba usikizime kama huna uhakika na umeme wako, na mimi nilikuwa na UPS, kile kifaa cha kuishikilia seva umeme ukikatika, ambayo betri yake ilikuwa imevimba kama mguu ulioumwa na nge. Nilikuwa nimeshaomba nyingine. Nikajiambia, itakuja. Sikuchomoa waya kama Lusajo, kwa sababu moja tu: niliogopa nitakachokikuta.

Kabla sijaendelea, niwaambie yaliyompata Mzee Sikombe, msije mkadhani nimesahau. Wazazi wa shule moja ya bweni ya wasichana huko Ileje walimwandikia Haji barua, jina la Mzee likiwa ndani. Haji aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema hawezi kumweka kwenye chakula cha watu mtu ambaye jina lake limeandikwa hivyo. Mzee akarudi Momba kwenye ng'ombe zake. Hakubishana. Kila Krismasi namtumia kilo tano za sukari, naye huwaambia watu kwamba Injinia ana moyo wa kipekee. Nakala ya kwanza ya maandishi haya imetangulia Momba. Mjukuu wake atamsomea kabla hamjaisoma ninyi. Sukari mwaka huu sitatuma mpaka anijibu.

Sasa turudi yadini.

Palikuwa na lori moja walilolipaka rangi nyeupe upya, likaitwa Bibi Harusi. Liliingia Jumanne alasiri likitoka Zambia, tupu, chini ya turubai. Karani wa geti akaandika kwenye kadi: limeingia, lilibeba dawa ya migodini, halijaoshwa, lisipite. Wakati huohuo wengine watano walikuwa wakiandika ya kwao, sita kwa mpigo, kama nilivyojivunia. Umeme ukakatika. UPS ikashika kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu, ikalia kama kifaranga, ikafa. Uliporudi, seva ikaamka na kujikagua kwa sekunde chache. Kadi zote zipo, majina yote yapo, ukubwa wote sawasawa. Nikawaambia watu, "Mmeona? Diski ya zamani ingetuweka hapa mpaka jioni."

Lebo ilikuwa mpya. Ndani ya chungu mlikuwa na kadi ya Bibi Harusi ya safari iliyopita, maandishi ya wiki tano nyuma yaliyokuwa yamebaki pale kwenye diski bila mwenyewe: limeoshwa, limekauka, lipite. Faili lingekuwa limeharibika, limejaa herufi za ajabu, mtu angeshtuka. Lilikuwa safi, namba yake mwenyewe, Kiswahili kizuri. Na skrini ya geti ilionyesha namba na neno moja tu la kijani: LIPITE. Tarehe niliiondoa mimi, kwa sababu mlinzi alilalamika kwamba maandishi yamekuwa madogo.

Jumatano Mzee Sikombe alikuwa msibani kwao. Dereva aliyepangwa, Kassim, kijana mpole mwenye mafua ya kudumu, akauliza lori gani liko tayari kwa mahindi, akaambiwa Bibi Harusi. Akaondoka nalo.

Alhamisi, saa tatu kasoro asubuhi, Mzee Sikombe alisimama mlangoni mwa ofisi yangu na brashi ya kuoshea mkononi.

"Mwapona, Injinia."

"Shikamoo mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba, tumeshazika. Bibi Harusi yuko wapi? Namtafuta nimwoshe."

"Si umeshamwosha? Kaenda Hasamba kupakia, halafu Ileje."

Akauliza, polepole, "Kapakia nini?"

"Mahindi ya shule."

"Ya magunia au ya kumwaga?"

Sikujua. Akaweka brashi chini. "Mimi sijamwosha."

"Kompyuta inasema umemwosha."

"Kompyuta ilinishikia ndoo? Nakwambia sijamwosha. Jumanne nilichungulia kabla sijaenda msibani. Sakafuni mna ule unga wa njano, umeingia hadi kwenye nyufa za mbao. Magunia yalipasuka safarini. Nikafunga turubai nikasema ni kazi ya nikirudi."

Ule unga tuliujua wote. Unanuka kama kabichi iliyooza, na ukilowa unanuka zaidi. Kijana mmoja wa wash aliwahi kula muhogo bila kunawa, akalazwa.

Nikafungua kadi kwenye skrini yangu, kadi yenyewe, si lile neno la kijani. Nikaona tarehe: wiki tano nyuma. Sikuhitaji uchunguzi. Mzee Sikombe akaanza kuizunguka meza aje aangalie. Hajui kusoma haraka, lakini tarehe anazijua.

Nikalifunga lile dirisha la kadi kabla hajafika.

Nataka muone jinsi jambo hili lilivyo dogo. Kidole kimoja. Hakuna aliyeniona, na mimi mwenyewe nilijiambia nalifunga ili nitafute namba za simu.

Haji alikuja mbio, kanzu ameishika mkononi. Nikamwambia lori limetoka bila kuoshwa. Hakuuliza kwa nini.

"Wanafunzi wangapi?"

"Sijui, Haji. Shule nzima."

"Piga simu. Mengine tutaulizana baadaye." Naye akatoka kutafuta gari dogo la kulifuata, ingawa sote tulijua kwamba kwa mvua iliyonyesha usiku kucha, njia ya kupanda Ileje ingechukua siku.

Simu ya Kassim haikupatikana. Nikampigia mpakiaji wa Hasamba.

"Ndiyo, tulipakia jana mchana. Ya kumwaga, magunia yalikuwa hayatoshi."

"Hamkusikia harufu?"

"Tulisikia, dada. Tukajua ni dawa ya dumuzi, si kila mtu anaweka? Tukasema hawa wamepulizia kabisa, mahindi hayatabunguliwa."

Mtu mwenye akili zake alisikia sumu, akafurahi kwa niaba ya mahindi. Niliweka simu chini, nikashindwa kuiinua tena mpaka Mzee Sikombe aliponisogezea.

Nikaanza kuhesabu. Walipakia Jumatano mchana. Kassim angefika Mbebe, ilipo shule, jioni hiyohiyo kama hakukwama. Usafi wa stoo, kushusha, kusaga. Shule ina mashine yake ya kusaga. Chakula cha mchana saa saba. Niliangalia saa ya ukutani, saa tatu na dakika ishirini, nikaona kila namba juu yake kama sufuria.

Simu ya mkuu wa shule iliita kwa sauti ngeni, kisha mama mmoja akanijibu kwa Kiingereza cha redio kwamba ninayempigia hayupo. Huko juu simu zinashika mtandao wa Malawi zikitaka, na zikitaka wa kwetu. Nikapiga tena. Saa nne. Nikampigia diwani, hakuwepo. Nikampigia fundi mmoja wa pikipiki wa Itumba niliyewahi kumtengenezea kompyuta. Akasema atatafuta mtu wa kwenda, lakini daraja limejaa maji. Saa nne na nusu. Mzee Sikombe alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, mikono kati ya magoti, akisema taratibu kwa Kinamwanga maneno ambayo sikuyajua na sikutaka kutafsiriwa.

Wanangu, kuna hofu inayokukimbiza na kuna hofu inayokukalisha. Nilikuwa na zote mbili. Nilipiga simu kwa mkono mmoja, na kwa akili yangu nyingine, ile niliyoipeleka chuo kikuu, nilikuwa tayari natunga. Umeme. Diski mpya. Hata unyevu ulinijia hapo, kwenye saa tano kasorobo, wakati watoto wa watu wanasagiwa unga.

Mmoja wa makarani akakumbuka kwamba binamu yake alisoma shule ile na ana namba ya mtunza stoo. Nikapiga. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke anayehema.

"Haloo? Sema haraka, nimepanda kwenye tangi la maji, chini hakuna mtandao."

"Dada, napiga kutoka yadi ya malori Tunduma. Mahindi yaliyokuja kwenu, yamefika?"

"Yamefika jana jioni. Mazuri, meupe, ila yamejaa dawa. Tumesaga asubuhi magunia manne."

"Mmepika?"

"Maji yanachemka. Wapishi wananisubiri nikapime unga."

Mzee Sikombe akasimama.

"Dada, usipime," nikasema. "Usiupime huo unga. Lori halikuoshwa. Lilibeba sumu ya migodini. Yote yamegusana nayo, unga na mahindi. Wasile. Hata kuku wasipewe."

Nikasikia upepo tu wa huko juu.

"Unajua unaniambia nini?" akasema. "Haya ni mahindi ya michango. Kila mzazi ametoa. Hapa mahindi ya wazazi hayamwagwi hivihivi. Mwaka juzi stoo ilimwaga yaliyooza, kikao kikakaa siku nzima kinauliza nani, nani. Mwenzangu alifukuzwa kwa kukosa jina la kuwapa. Mkuu hayupo, niko peke yangu. Kitabu cha stoo ninacho hapa kwapani. Nitaandika yameharibika, sawa. Kwa kosa la nani?"

"Dada, kwanza wazuie wapishi..."

"Nitawazuia nikishaandika! Nikishuka bila jina, mpishi mkuu ataniambia nimeota. Watoto hawajala tangu uji wa alfajiri. Nipe jina la mtu nishuke."

Mzee Sikombe alikuwa akisikia. Simu zile za wakati ule zilipiga kelele kama redio. Akainama karibu na sikio langu.

"Mpe jina, Injinia," akasema. "Mpe jina lolote. Watoto wasile."

Nilikuwa na majina mawili mdomoni. Moja nilibatizwa nalo.

"Andika Sikombe," nikasema. "Msimamizi wa wash. Ndiye alipaswa kuosha."

"Si-ko-mbe." Nikasikia kalamu, au nilidhani nimeisikia. Kisha akapiga yowe kwa watu walioko chini ya tangi: "Zimeni moto! Unga msiuguse! Nasema zimeni!" Sauti za wanawake zikapokea, na chuma kikaanguka chini. Akarudi kwenye simu, anahema.

"Na wewe uliyenipigia ni nani, niandike na hilo?"

Mzee Sikombe alikuwa amerudi kukaa kwenye kreti. Alikuwa anaangalia buti zake.

"Mimi ni wa kompyuta tu," nikasema.

"Basi Mungu akubariki wewe dada wa kompyuta," akasema, na simu ikakatika.